Swali la Bi Mwanamkuu

Mwalimu Anselmi alikuwa na mawazo kumi na moja ya kuiinua kata ya Tangini, na mkewe Efrazia alikuwa ameyasikia yote mpaka angeweza kuyasimulia huku akikuna nazi. Aliyasikia mezani, aliyasikia kanisani kabla misa haijaanza, na aliyasikia kupitia mlango wa bafu, maana mgombea wetu wa udiwani alikuwa na tabia ya kuhutubia ndoo ya maji kabla ya kujimwagia. Ungemwuliza Efrazia kama hachoki angekuambia anachoka sana. Lakini alimpenda, na mtu unayempenda unamsikiliza hata anapokwambia jambo moja mara ya kumi.

Mawazo yenyewe hayakuwa ya ajabu. Lami na taa za barabarani Anselmi aliwaachia wagombea wenzake, ambao walizigawa mikutanoni kama pipi. Yeye alitaka kata iwe na sufuria zake. Sufuria kubwa, turubai, viti na majiko, vyote vitunzwe kwenye stoo moja, ili mtu akifiwa au akioza binti asihangaike kukodi. Alitaka mabenchi pale zahanati, yenye bati juu yake, kwa kuwa mgonjwa hawezi kungoja juani halafu akaambiwa ana homa. Alitaka kila mtaa uwe na kibao chenye jina. Na alitaka Jumamosi moja ya kila mwezi watu watoke na majembe, wafyeke makaburi ya mtaa pamoja, kisha wakae chini wale pamoja na waambiane majina.

Hilo la kuambiana majina ndilo lililokuwa moyoni mwake kuliko mengine. Tangini imejaa watu wanaodamka saa kumi alfajiri kuwahi kazini Dar na kurudi giza limeshaingia. Mtu anakaa ukuta kwa ukuta na jirani miaka minane, na anamjua kwa mlio wa geti lake tu. Anselmi mwenyewe aliwahi kujua kwamba nyumba ya tatu kutoka kwake wamefiwa baada ya kuona turubai limefungwa. Akaenda kukaa msibani na hajui hata aliyekufa alikuwa baba au mtoto. Aibu ile ilimkaa kooni, na alipostaafu ualimu akaenda kuchukua fomu ya udiwani.

Meneja wake wa kampeni alikuwa Hashiru, fundi seremala, mtu wa kwao Kagera, mwenye sauti kubwa na subira ndogo. "Mwalimu," alimwambia siku ya kwanza, "watu wanataka maji. Wewe unawaletea sufuria."

"Maji yakija watayatia wapi?" Anselmi akamjibu, na Hashiru akaondoka akitikisa kichwa.

Mkutano wa tatu ulikuwa Jumamosi saa kumi jioni, kwenye uwanja wa mpira. Watu walikuja wa kutosha, wengi wao kwa sababu ya muziki, lakini walibaki. Efrazia alikaa mstari wa mbele na akina mama wenzake wa jumuiya, amevaa gauni la kitenge cha kampeni ambalo fundi alikuwa amelibana mabegani. Anselmi aliongea vizuri siku hiyo. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu, na alipofika kwenye sufuria watu walicheka na yeye akacheka nao. Efrazia alimtazama na kujisikia fahari, ile fahari ya mwanamke aliyepiga pasi shati ambalo watu wote wanalitazama.

Kisha Hashiru akakaribisha maswali, na Bi Mwanamkuu akanyoosha mkono.

Bi Mwanamkuu alikuwa mjane wa Mzee Mfaume, aliyelima Tangini kabla nyumba za bati la rangi hazijafika. Eneo la makaburi lilikuwa shamba lao la mikorosho. Marehemu aliligawa kwa mtaa, nusu ya Waislamu, nusu ya Wakristo, na mjane wake alilijua kila hatua kama mtu anavyojua jiko lake. Yeye mwenyewe alizaliwa Kurui, kule Kisarawe, na hakuna aliyemkumbuka akiwa na haraka. Alikuwa pia rafiki mkubwa wa Efrazia, ingawa kiumri angeweza kumzaa.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu," Anselmi akasema kwenye kipaza sauti.

"Marahaba, Mwalimu. Mawazo yako nimeyasikia, mazuri. Miye swali langu dogo tu." Akajifunga kanga vizuri. "Weye ukifa, tutakuzika wapi?"

Watu walicheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alijua kwa nini swali lile limeulizwa. Pale makaburini upande wa Waislamu umejaa hadi kwenye uzio. Upande wa Wakristo una makaburi ya kuhesabika, na majani yamesimama hadi kiunoni. Si kwamba Wakristo wa Tangini hawafi. Wengi ni watu wa bara, na mtu wa bara akifa husafirishwa. Majirani wanapika siku mbili, wanalia, wanachangia, kisha basi la kukodi linakuja, jeneza linapakiwa, na wao wanabaki wamesimama barabarani na miiko mikononi. Watu wa Pwani hawasemi kitu. Lakini wanaona. Mtu kajenga hapa, kasomesha hapa, sasa anaomba na kura hapa, halafu siku ya mwisho anaondoka kama aliyekuwa amepanga chumba.

Anselmi hakusita hata kidogo. "Hapa hapa Tangini, Bi Mwanamkuu. Nitazikwa hapa hapa."

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Vijana nyuma wakasema Mwalimu katisha, Mwalimu noma. Hashiru akaruka juu ya jukwaa kana kwamba kura zimeshahesabiwa. Efrazia alipiga makofi mawili, kisha mikono ikagoma.

Maana yeye alikuwa anapajua mahali atakapozikwa mumewe. Palikuwa Kanyigo, kule Kagera, kwenye kibanja cha marehemu baba mkwe, katikati ya migomba, kushoto kwa kaburi la babu. Kila walipokwenda likizo ya Krismasi, Anselmi alimpeleka kule nyuma ya nyumba na kumwonyesha kwa kidole: mimi hapa, wewe hapa. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti cha kukaa. Na Efrazia kila mara alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu hakuulizwa, alionyeshwa.

Naye hakutaka kulala Kanyigo. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa moyoni, na mtu mmoja tu duniani ndiye aliyelijua.

Miezi mitatu kabla ya mkutano ule, kaka yake Bi Mwanamkuu, Mzee Jumbe, alifariki kule Kurui, na akina mama wa Tangini wakakodi gari wakaenda kumzika. Efrazia hakuwahi kumwona Mzee Jumbe akiwa hai. Baada ya mazishi alikaa na wanawake wa pale kumenya mihogo, na kutoka alipokaa aliliona kaburi jipya, hatua chache tu kutoka uani. Kuku alipita juu yake. Mtoto mmoja akaja akamfukuza kuku, akasema, "Toka, umwache babu apumzike," kisha akarudi kucheza. Bibi mmoja alikuwa akimsema marehemu kwa sauti, kwamba alikuwa mbishi, na kwamba kisu hiki wanachomenyea alikiazima mwaka juzi hakukirudisha. Efrazia akajikuta analia. Bi Mwanamkuu akamwuliza analilia nini, na yeye hakumjua hata huyo Jumbe.

"Nataka hivi," Efrazia akasema. "Nataka nilale mahali ambapo watu watanisema."

Akamweleza yote. Kwamba alikuja huku Kibaha akiwa na miaka ishirini na miwili, na sasa ana hamsini na mitatu. Kwamba kule Kanyigo hajawahi kulala zaidi ya majuma mawili mfululizo, na shemeji zake ni watu wazuri lakini bado wanamwekea sahani ya wageni. Tangini ndiko alikomzaa Recho, ndiko anakojua nani hali dagaa na nani akifiwa hulia na nani huanza kufua. Ni hapa anapojulikana. Akizikwa kule, atapita mtu karibu na kaburi lake na kusema huyu ni mke wa Anselmi, basi.

"Mumeo anajua?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

"Hajaniuliza."

Sasa Anselmi alikuwa ameulizwa mbele ya watu, na alikuwa amejibu, na jibu lenyewe lilikuwa lile lile ambalo Efrazia angelipokea kwa magoti yote mawili. Tatizo ni kwamba alimjua mumewe. Sauti ile aliyojibu nayo ilikuwa ya mwalimu anayemwambia mkaguzi kwamba vitabu vyote vimesahihishwa.

Hashiru, kwa furaha yake, aliituma video ya jibu lile kwenye kundi la simu la watu wa Kanyigo walioko Pwani. Hilo lilikuwa kosa ambalo mtu wa Kagera pekee angeweza kulifanya, maana kundi lile kazi yake kubwa ni kuchangia usafiri wa maiti kwenda nyumbani. Video ilifika kwao kabla viti vya mkutano havijarudishwa. Kesho yake asubuhi, kabla ya misa, simu ya Anselmi ikalia. Alikuwa Kaka Bartolomeo, mkubwa wake, mwangalizi wa kibanja.

Efrazia alikuwa chumba cha pili akipiga pasi. Sauti ya shemeji yake aliisikia hadi pale, ingawa maneno hakuyashika. Maneno ya mumewe aliyashika vizuri.

"Kaka, hayo ni maneno ya jukwaani. Watu walitaka kusikia hivyo." Sauti ya kule ikapanda. "Nani azikwe kwenye mchanga huu, kaka? Nitakuja nyumbani. Na Efrazia nitamleta. Wewe endelea kupafyeka tu."

Pasi ilikaa juu ya kola hadi moshi ulipotoka. Efrazia akaichomoa, akalitazama shati lililoungua, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya kabati. Uongo wa jukwaani angeweza kuusamehe. Nani hajawahi kusikia uongo wa jukwaani? Lakini hilo la "nitamleta" lilimchoma. Nitamleta, kana kwamba ni begi.

Akanyamaza. Si kununa kwa kubamiza vyombo. Alipika, alifagia, alijibu alipoulizwa. Ila yale maneno madogo madogo ya siku nzima, yale ya nani kapita na nani kasema nini, aliyazima. Na huyu bwana, mgombea wa kujuana, alipita ndani ya kimya kile siku tatu bila kukiona. Alhamisi asubuhi ndipo alipoonja chai na kusema, "Leo haina tangawizi?" Haikuwa na tangawizi tangu Jumapili.

Siku hiyo hiyo Efrazia alikwenda kwa Bi Mwanamkuu, akamkuta barazani anapeta mchele.

"Shikamoo, bibi. Umenitia aibu."

"Marahaba. Nani kajua kama jambo lenyewe ni lako? Miye nimemwuliza yeye."

"Kwa nini umemwuliza?"

"Kwa kuwa weye humwulizi. Miezi mitatu nangojea. Nikasema huyu atanifanya nife kabla sijajua mwisho wake." Bi Mwanamkuu akatupa pumba upande. "Si kajibu? Kasema hapa."

"Alikuwa anadanganya."

"Najua alikuwa anadanganya, mwanangu. Aliwaambia watu wa uwanjani. Weye kakwambia?" Akamsogezea ungo mwingine. "Basi kamfanye akwambie. Na usiende na machozi, akiona machozi atakubali kila kitu kisha asahau. Sasa nisaidie hapa, huu una mawe."

Efrazia akakaa akachambua mchele mpaka ukaisha. Akarudi nyumbani mchana, akamkuta mumewe mezani anajifunza hotuba ya mkutano wa mwisho, miwani puani, anaisoma kwa sauti huku ananyoosha kidole kwenye jokofu.

"Ndugu zangu, kama hujui jirani yako anapenda nini na anaogopa nini, utamfaa na nini?"

Efrazia akavuta kiti, akakaa mbele ya jokofu.

"Baba Recho. Mimi napenda nini?"

Anselmi akacheka. Alipoona hacheki, akavua miwani, na kwa kuwa alikuwa mwalimu mwema na mume mwema, akajaribu kwelikweli. Akasema anapenda samaki wa kukaanga akishapoa. Anapenda kukaa mwisho wa benchi kanisani ili atoke mapema akaonane na watu. Anapenda mvua ikinyesha akiwa tayari amekwisha kuanua nguo. Anapenda kuambiwa habari kuanzia mwanzo, mtu asimrukie katikati. Akaendelea, na kila alichosema kilikuwa kweli, na Efrazia alihisi moyo wake unalegea, akajilazimisha kuukaza.

"Nikifa nataka nizikwe wapi?"

Mdomo wa Anselmi ukafunguka kusema Kanyigo. Jina likafika mlangoni, likakataa kutoka.

"Hujawahi kuniambia," akasema mwishoni.

"Hujawahi kuniuliza. Umenionyesha kwa kidole miaka yote hiyo."

Na hapo akamwambia. Hakulia. Alimwambia habari za Kurui, na kuku, na mtoto aliyemfukuza kuku, na kisu cha kuazima. Alimwambia kwamba anataka mchanga huu huu ambao yeye aliuuliza nani azikwe ndani yake. Anselmi aliposikia maneno yake mwenyewe yakirudi, aliweka mikono usoni.

"Ulisikia."

"Nilisikia. Nimeunguza na shati."

"Kwa hiyo Bi Mwanamkuu anajua. Ulimwambia yeye, mimi hukuniambia."

"Yeye aliniuliza kwa nini ninalia."

Anselmi akaikunja hotuba. Akainuka, akatoka nje bila kofia, jua kali namna ile, akaenda. Efrazia alimwona akipita kwenye uzio wa jirani, akisalimiwa na watu, akiitikia bila kusimama, jambo ambalo hakuna mgombea anayelifanya siku mbili kabla ya mkutano wa mwisho. Alirudi jioni na vumbi hadi magotini. Akala. Akasema chakula kitamu. Hakusema kingine, na Efrazia hakumsukuma, ingawa alikaa na hofu mpya ambayo hakuitarajia. Alikuwa amepigania kaburi lake, na kumbe huenda amelipata. Lakini ndani yake atalala peke yake, na mumewe atakuwa safari ya siku nzima na ushei mbali naye, kushoto kwa babu.

Mkutano wa mwisho ulijaa kuliko yote. Hashiru alikuwa ameshonesha fulana nyingine na kuongeza spika. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe alichokuja nacho kutoka nyumbani. Anselmi akapanda jukwaani na hotuba aliyoiandika haikufunguliwa.

"Jumamosi iliyopita niliulizwa nitazikwa wapi," akasema. "Nikajibu hapa. Sikusema kweli."

Hashiru akamvuta shati kwa nyuma. Anselmi akautoa ule mkono taratibu, kama unavyomtoa mtoto aliyekung'ang'ania.

"Kwetu nimetengewa mahali tangu baba yangu yuko hai. Nilipowajibu nilijua hivyo. Niliona mnataka neno fulani, nikawapa. Naomba radhi, na kwako zaidi, Bi Mwanamkuu." Akatafuta kwa macho mstari wa akina mama. "Kuna jambo la pili. Nimezunguka kata nzima nikiwaambia mjuane. Mke wangu yuko pale, mnamjua, wengi wenu mmekula mkononi mwake. Tumekaa pamoja miaka thelathini na mmoja. Alhamisi ndiyo nimejua kwamba anataka kuzikwa hapa Tangini. Nyinyi mliokuwa hamumjui jirani yenu, msione haya. Mimi nilikuwa sijui hilo, na tunalala kitanda kimoja."

Watu walicheka, lakini si kwa kumcheka. Baadhi ya wanawake walimgeukia Efrazia, naye akaangalia viatu vyake. Uso ulikuwa unawaka kwa haya, na chini ya haya kulikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

"Huyu akitangulia, simsafirishi," Anselmi akasema. "Hiyo si sera. Ni ahadi, na ninyi nyote ni mashahidi."

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti. "Na wewe, Mwalimu? Wewe wapi?"

Anselmi akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mimi sijui," akasema. "Kaka yangu ananingoja kule, na mke wangu yuko hapa. Sijui bado. Nikijua nitasema, hata kama kura zitakuwa zimeshapigwa."

Hashiru aliketi kwenye ngazi ya jukwaa, akajifunika uso kwa bango la mgombea wake mwenyewe.

Kura zilipopigwa, Anselmi alishindwa. Hakushindwa vibaya, lakini kushindwa ni kushindwa, na aliyeshinda alikuwa kijana wa lami. Anselmi alikwenda kumpa mkono, akampa na mawazo yake kumi na moja yameandikwa vizuri. Kijana akasema atayafanyia kazi, kwa sauti ile ile ya vitabu vilivyosahihishwa. Nyumbani Efrazia alimpikia ndizi kwa nyama, akamwekea na tangawizi kwenye chai, akamwambia kwamba alimwonea fahari kuliko siku yoyote. Anselmi alisema asante, kisha akasinzia kitini kama mtu aliyeshusha gunia.

Kwa Kaka Bartolomeo alipiga simu mwenyewe. Efrazia alikuwepo, na safari hii alikaa hapo hapo. Anselmi alimweleza habari ya mkewe tangu mwanzo, bila kuruka. Upande wa pili kulikuwa na kelele, halafu simu ikakatwa. Kuhusu yeye mwenyewe hakusema, na Efrazia hakuuliza. Alijiambia amepewa kikubwa, asitake na kingine. Majuma matatu alijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi haikumtosha.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Anselmi alichukua jembe akaenda makaburini, kwa kuwa alikuwa amesema watu wataenda, na mtu aliyeshindwa hajakatazwa kufyeka. Alitegemea kuwakuta watano. Walikuja kumi na tisa, na katika hao angalau wawili hawakumpigia kura, wakamwambia hivyo wenyewe. Hashiru alikuja na panga. Sufuria iliazimwa parokiani. Walifyeka upande wa Wakristo, ule wenye majani marefu, na walipomaliza ukaonekana ulivyokuwa mkubwa, na mtupu. Wengine wakaenda kukaa kivulini kula na kuulizana majina. Walibaki Anselmi, Efrazia na Bi Mwanamkuu, aliyekuwa ameshika rundo la vijiti vya mkorosho.

"Haya, Efrazia," akasema Bi Mwanamkuu. "Chagua, wasije wakakuwahi."

Efrazia akatembea. Akapita katikati, akaenda pembeni, akarudi. Mwishoni akasimama karibu na uzio wa barabara, pale njia ya sokoni inapopita, ambapo kila mwenye kikapu lazima apite. Akasema hapa.

Bi Mwanamkuu akaja polepole, akachomeka kijiti kimoja. "Hiki cha kichwani. Na hiki cha miguuni." Akakichomeka. Akabaki na vijiti vingine mkononi, akamgeukia Anselmi. "Mwalimu, hivi vingine nivirudishe nyumbani nikawashie moto?"

Efrazia aliinama akashika majani yaliyokuwa yameshang'olewa, akayang'oa tena. Hapakuwa na jukwaa, wala kipaza sauti, wala mtu wa kupiga makofi, na alijua kwamba jibu litakalotoka hapa ndilo atakaloishi nalo. Alisikia mumewe akivuta pumzi. Alimsikia akipiga hatua, moja, mbili, akisimama kati ya vile vijiti viwili na uzio.

"Vilete," Anselmi akasema. "Viweke huku, mimi nikae upande wa barabarani. Huyu bodaboda zikipita hapati usingizi."